Kitabu Kimoja, Mtu Mmoja

Jumapili, tarehe 15 Juni 2025. Ihanja iliamka na baridi kavu, anga safi kama sahani iliyooshwa, na upepo ule wa Singida usiojua Jumapili wala Jumatatu. Ulikuwa unasukuma maganda ya alizeti uani kwa Evodia Peniel, unayarundika mlangoni, halafu unarudi kuyatawanya tena kama mtu asiye na kazi.

Evodia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, khanga mbili mabegani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na magoti yake yalizoea kulalamika kabla ya amina. Lakini asubuhi hiyo hakufupisha sala. Baada ya ibada, riwaya yake ya tatu ingetolewa kwa watu kwa mara ya kwanza, tena si katika ukumbi wa hoteli mjini, bali kwenye mnada wa mavuno wa usharika, katikati ya kuku na madebe ya vitunguu. Vitabu mia tatu vilikuwa kwenye maboksi nyuma ya mlango, vinanukia wino.

"Bwana," alisema, "sikuombi viishe. Vilishawahi kuisha, na uliona mwenyewe yaliyotokea. Nakuomba visomwe. Kila kimoja kipate mtu wake. Na yule baba, unamjua, naomba leo umzuie njiani kwa upole, hata kwa pancha."

Alifikiri kidogo, akaona sala ya pancha haimpendezi Mungu.

"Pancha ondoa," akasema. "Mengine yabaki. Amina."

Yule baba alikuwa Leonidas Alute, mwenye viwanda vitatu vya kukamua alizeti, malori arobaini, na hoteli inayotazama Ziwa Singidani. Magazeti yalimwita bilionea. Evodia alimjua kabla neno hilo halijafika Singida, wakati Leonidas anazunguka vijiji vya Mgori na baiskeli, ananunua alizeti debe moja moja, na kukumbuka kichwani debe la kila mtu bila kuandika popote. Siku walipoonana mara ya kwanza ilikuwa mnadani, baada ya ibada. Mama yake Evodia alikuwa ametoa jogoo kama sadaka. Leonidas alimnunua jogoo yule kwa bei ya mbuzi, kisha akasema, "Namrudisha, auzwe tena," akamnunua mara ya pili. Kanisa zima likajua kijana yule anataka nini. Kwao ndivyo heshima inavyoonyeshwa mnadani: ukimthamini mtu, unanunua kilichotoka mkononi mwake, na unakinunua kwa bei ya juu.

Walioana mwaka 1994, wakakaa pamoja miaka ishirini na moja. Walipata mtoto mmoja, Maria, ambaye sasa ni muuguzi Dodoma. Mali ilipokuja ilikuja kwa haraka, na Evodia akajikuta ndani ya nyumba kubwa mjini, karibu na Ziwa Kindai, ana mpishi, ana mfuaji, ana mtunza bustani, na hana la kufanya. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba. Akiwa na miaka thelathini na sita akajiandikisha madarasa ya jioni, akakaa dawati moja na vijana waliomwita mama, akafeli hisabati mara mbili, na mara ya tatu akapata cheti chake cha kidato cha nne. Alikilaza chini ya Biblia kwa wiki nzima, asiamini.

Huko ndiko uandishi ulikoanzia. Mwalimu wa Kiswahili aliwapa insha ya kurasa mbili. Evodia alirudisha kurasa arobaini.

"Mama," mwalimu alimwambia, "hii si insha. Hii ni riwaya iliyopotea njia."

Riwaya ile ilipata njia. Ilitoka mwaka 2013, jina lake *Chumvi ya Kindai*, nakala elfu mbili. Wiki ya tatu mchapishaji akapiga simu kwamba zote zimekwisha. Evodia alicheza jikoni na mpishi mpaka ugali ukaungua. Kisha akasubiri watu waje wamwambie walivyokiona kitabu.

Hakuna aliyekuja. Kanisani walimpa hongera kwa mikono miwili, lakini alipouliza, "Ule mwisho umeuonaje?" walitazama viatu vyao. Saluni hawakukiona. Kwenye kikundi cha akina mama hawakujua hata rangi ya jalada. Alianza kudhani anaota.

Siku moja alikwenda kiwandani kuchukua mafuta ya kupeleka kwa jirani aliyefiwa. Ndani ya ghala, nyuma ya magunia ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, aliona maboksi yamepangwa mpaka darini. Juu ya boksi moja alikuwa ameketi mlinzi, Mzee Alphonce, miwani puani, anasoma. Mzee aliruka akapiga saluti kitabu kikiwa mkononi.

"Nisamehe, mama. Panya alitoboa boksi. Nilikuwa natazama hasara."

"Umetazama mpaka ukurasa wa ngapi?"

"Hii ni mara ya nne nakimaliza." Mzee alishusha sauti kama mtu anayesema siri ya familia. "Lakini mama, yule dada angemsamehe mdogo wake mapema. Ningekuwa mimi, kufika ukurasa wa tisini ningeshamsamehe."

Evodia alikaa juu ya gunia la mashudu, akalia na kucheka kwa pamoja. Nakala elfu mbili, msomaji mmoja, na panya.

Jioni ile, mezani, alimwuliza mumewe, "Baba Maria, kitabu changu umekisoma?"

"Nimevinunua vyote," alijibu Leonidas, uso umejaa furaha kama siku ile ya jogoo.

"Sikuulizi umenunua vingapi. Nauliza umesoma?"

Leonidas aliangalia sahani yake. "Kazi ni nyingi, Mama Maria."

Alimwuliza tena mwezi uliofuata, na tena Krismasi. Jibu likawa lile lile. Tusiseme ndoa ilikufa kwa kitabu peke yake, maana ndoa ina magonjwa mengi, lakini ile ndiyo ilikuwa homa iliyomlaza Evodia kitandani. Alijiona kama mtu anayeishi na ukuta mzuri sana. Mwaka 2015 waliachana mahakamani bila matusi. Evodia akahamia Ihanja, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na watu wakamtangaza kuwa amepungukiwa akili: mwanamke gani huyu anaacha malori arobaini ili akae na madaftari?

Alipoandika cha pili, *Nyuki wa Mgori*, alimwapisha mchapishaji asimuuzie mtu mmoja zaidi ya nakala tano. Ilichukua miaka minne kuuza mia sita. Lakini mama mmoja wa Mkalama alimpigia simu huku analia, na mzee mmoja wa Iramba alimpigia kugombana, kwamba mzinga wa ukurasa wa kumi na nane umetundikwa kijinga na hakuna nyuki mwenye akili ambaye angeingia. Evodia aliupenda ugomvi ule kuliko hongera zote. Magazeti, hata hivyo, yaliendelea kumwita "aliyekuwa mke wa bilionea". Gazeti moja lilisahau kabisa kuandika jina lake.

Na jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, kwenye chumba cha usharika, alikuwa akiwafundisha watu wazima kumi na wanne kusoma na kuandika. Alifanya hivyo kwa sababu hakusahau dawati lake mwenyewe.

Ndipo asubuhi ile ya mnada, kabla chai haijachemka, ikasikika hodi.

Alikuwa Mzee Alphonce, sasa amestaafu, ameshuka kwenye Noah ya kwanza ya abiria kutoka mjini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi. Nimekuja mapema na habari mbaya iliyovaa vizuri. Bosi anakuja."

"Kuja kanisani si habari mbaya."

"Fredrick, karani wake, ameniambia jana. Pikapu imeoshwa. Mashudu yote yameshushwa, limetandikwa turubai jipya."

"Turubai la nini?"

"Ili vitabu visishike mafuta," alisema Alphonce kwa huzuni. "Safari ile vilishika."

Evodia aliketi kwenye kigoda. Aliyaona yote tena: ghala, maboksi, giza. Safari hii hakukuwa na mchapishaji wa kuapishwa, vitabu vilikuwa vyake, na mnadani huwezi kumkataza mtu kupandisha bei. Vitabu mia tatu vingelala tena nyuma ya mashudu, na yeye angebaki mwandishi wa panya.

"Mwekee sharti," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mama Amne, na chupa ya chai mkononi. Mama Amne alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alianza darasa Januari ya mwaka jana hajui hata kalamu inashikwa upande gani, na sasa anasoma kila kitu isipokuwa mwandiko wa daktari. Alikuwa Mwislamu, lakini mnada wa usharika haukumpita hata mmoja, maana alisema kuku hana dhehebu.

"Sharti gani, Mama Amne?"

"Kitabu kimoja, mtu mmoja. Na kabla hajakichukua, asome mstari wa kwanza mbele ya watu wote. Anayetaka kujaza pikapu asome mara mia tatu, tuone koo lake."

Alphonce alicheka mpaka akashika mlango. Evodia hakucheka.

"Na asiyejua kusoma? Wako wengi hapa, na wao ndio nawatafuta. Siwezi kuwafungia mlango."

"Asiyejua, darasa linasimama naye. Mmoja anamsomea, yeye anafuata. Si ndivyo ulivyonifanyia mimi?"

"Lakini bosi hawezi kusimama na darasa," alisema Alphonce. "Bosi atasoma mstari mmoja, atapanda gari, basi."

"Si mbaya," alisema Evodia, akinyoosha mkono kupokea chai. "Atakuwa amesoma mstari mmoja. Miaka kumi na miwili nausubiri."

Leonidas aliingia kanisani wimbo wa pili ukianza. Alikuwa na suti ya kijivu na nywele zilizoanza kuwa za kijivu hivyo hivyo, na wazee wakamsogezea nafasi mbele. Alifungua kitabu cha nyimbo, akaimba beti zote nne kwa sauti nzito nzuri huku akitazama paa, asikosee hata neno. Evodia, benchi la tatu, aliomba asimwangalie, akamwangalia.

Mnada ulifanyika nje, upande wa ukuta unaokinga upepo. Mnadishaji alikuwa Mzee Sostenes, mzee wa kanisa mwenye sauti ya honi ya lori.

"Mtetea huyu," alitangaza akimwinua juu, "ameokoka. Hagombani, hatagi kwa jirani. Tuanze na elfu kumi."

"Umemwona lini akitubu?" aliuliza Mama Amne kutoka nyuma.

"Mama Amne, toa hela au nyamaza."

"Kumi na moja. Na nikimkuta kwa jirani nakurudishia."

Leonidas alipandisha mpaka hamsini, akamchukua mtetea, kisha akasema, "Namrudisha, auzwe tena." Watu wakapiga makofi. Akafanya hivyo kwa debe la vitunguu, kwa mayai, kwa boga. Kila alipoinua mkono, moyo wa Evodia ulishuka hatua moja. Kwenye barabara ya lami, pikapu ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume, kama inavyoegeshwa inaposubiri mzigo.

Kisha Sostenes akainua kitabu. Jalada lilikuwa na mbuzi mwekundu.

"Hii ni *Mbuzi wa Mwisho*, ya dada yetu Evodia. Haina bei ya kupandishwa, bei ni moja. Ila ina sharti." Akalitangaza neno kwa neno, pamoja na lile la darasa kumsaidia asiyejua.

Watu waliangaliana, halafu wakaanza kusogea. Binti wa kwaya alisoma mstari wa kwanza haraka kama anakimbizwa. Mkulima mmoja wa vitunguu alisema wazi kwamba yeye shule aliipitia dirishani, na wanafunzi watatu wa Evodia wakasimama naye, wakamsomea taratibu, akafuata, akaondoka na kitabu amekikumbatia. Watu walimpigia makofi kuliko walivyompigia tajiri. Vitabu arobaini vilikwenda hivyo, na Evodia akaanza kupumua.

"Nachukua vyote vilivyobaki," alisema Leonidas.

Kule barabarani Fredrick alikuwa ameshaanza kukunjua turubai.

"Tajiri," alisema Sostenes kwa adabu, "kuna sharti."

"Sharti hilo ni la watoto wa shule. Mimi nimekuja kumheshimu Mama Maria."

"Basi mheshimu kwa mstari mmoja," alisema Mama Amne. "Sisi tumemheshimu hivyo hivyo, na hatuna hata baiskeli."

Kicheko kilizunguka uwanja. Sostenes alimpa kitabu. Leonidas alikipokea kwa mikono miwili, akajipapasa.

"Miwani nimesahau."

"Si hiyo hapo mfukoni?" mtu alisema, na kicheko kikarudi kwa nguvu.

Leonidas alivaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akautazama. Upepo ulipiga kona ya ukuta. Akaendelea kuutazama.

"Anaona haya kusoma cha mtalaka wake," alisema mwanamke mmoja, si kwa kunong'ona.

"Huyo hajawahi kusoma hata kimoja," alijibu mwingine. "Kiburi cha hela."

Evodia aliyasikia, na tusimfiche, yalimwingia matamu. Miaka kumi alikuwa akiambiwa ni mwanamke aliyeacha mali bila sababu. Sasa sababu ilikuwa imesimama mbele ya usharika mzima, imevaa suti, imeshika kitabu chake na haitaki kukisoma. Hakuhitaji kusema neno. Alihitaji tu kukaa kimya dakika moja zaidi.

Ndipo akayaona macho ya Leonidas. Hayakutembea.

Kila Januari Evodia hupokea wanafunzi wapya, na ndivyo anavyowajua wale wanaodanganya kwamba wanajua kidogo. Macho ya anayesoma hutembea, hata kama anasoma pole pole, yanatoka kushoto yanakwenda kulia kama mtu anayepalilia. Macho ya asiyejua hukaa pamoja katikati ya ukurasa, yanautazama wote kwa mara moja, kama mtu anayetazama picha ya watu asiowafahamu.

Miaka ishirini na moja ikaja kwake kwa mkupuo. Fredrick akisoma mikataba kwa sauti, "maana mimi nikisikia ndipo natafakari." Hotelini, "Niletee anachokula mama." Kanisani akiombwa asome neno, "Mpeni mke wangu, yeye ndiye msomi." Simu yake isiyotuma ujumbe ila wa sauti, jambo aliloliita uvivu wa matajiri. Alizeti ya vijiji vizima kichwani. Beti nne huku akitazama paa. Yeye, mwalimu wa watu kumi na wanne, hakumwona huyu aliyelala naye kitanda kimoja.

"Bwana," alisema moyoni, "asiaibike kwa mkono wangu." Kisha akasogea mbele.

"Mzee Sostenes, naomba usimamishe kidogo. Sharti hili nimelitunga vibaya." Aliwageukia watu. "Miaka mingi nilimwuliza Baba Maria kama amesoma kitabu changu. Lakini hata siku moja sikumwambia, kaa hapa nikusomee. Kosa hilo ni langu. Leo nitamsomea mimi, na sharti litakuwa limetimia."

Akanyoosha mkono kuchukua kitabu. Mlango wa kutokea aibuni ulikuwa wazi. Leonidas angeweza kupita, kidevu juu, na watu wangerudi nyumbani wakisifu ukarimu wa mtalaka wake. Alimwangalia Evodia, akaona kwamba amejua. Kitabu hakukiachia.

"Hapana, Mama Maria," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, kwa ile sauti ya kuimbia, "Mimi sijui kusoma."

Kule barabarani turubai lilimponyoka Fredrick.

"Niliacha shule darasa la kwanza, hata mwaka haujaisha. Ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Nikapata hela, na mwenye hela haulizwi kitu. Tarakimu nazijua vizuri, nadhani mmeshaona. Jina langu naliandika kama mtu anayechora ng'ombe. Basi, ni hayo tu." Akamgeukia Evodia. "Uliponiuliza kama nimesoma, niliona afadhali uniite mtu wa kiburi kuliko mjinga. Nilivinunua kwa heshima, kweli. Lakini nilivinunua vyote ili asiwepo hata mtu mmoja mjini wa kuniuliza, tajiri, mke wako ameandika nini humo."

Hakuna aliyecheka. Mama Amne ndiye aliyejibu.

"Ni hilo tu?" alisema, akijipenyeza katikati ya watu. "Mimi nilikaa miaka hamsini na tisa bila kujua. Wewe una mingapi?"

"Sitini."

"Umenizidi mwaka mmoja tu na unatusimamishia mnada. Dawati langu lina nafasi. Ila anayechelewa anafagia, na hatuangalii malori."

Kicheko kilichozuka kilikuwa cha aina nyingine, na Leonidas alikuwamo ndani yake, akijifuta macho chini ya miwani. Darasa lilisogea bila kuitwa, watu kumi na wanne, wakamzunguka kama walivyomzunguka yule mkulima wa vitunguu. Mama Amne aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Fuata kidole. Si-ku. Am-ba-yo."

"Siku ambayo," alisema Leonidas.

Walikwenda hivyo, silabi kwa silabi, mpaka mwisho wa mstari. Kisha Mama Amne akausoma wote kwa pamoja, na Leonidas akaurudia, akitazama karatasi na si angani.

"Siku ambayo Klara aliuza mbuzi wake wa mwisho, alinunua kalamu."

Alikunja uso, kama alivyokuwa akifanya zamani alipopewa debe lisilojaa.

"Kwa nini kalamu?" aliuliza. "Mtu ameuza mbuzi wake wa mwisho. Kwa nini asinunue mbegu?"

Evodia alifunika mdomo kwa khanga. Katika vitabu vitatu, hilo lilikuwa swali la kwanza kutoka kwa mtu huyu, na lilikuwa swali zuri.

"Jibu liko ukurasa wa saba," alisema.

"Ni mbali?"

"Kwa mwendo wa darasa letu," alisema Mama Amne, "utafika Septemba."

Mzee Alphonce, aliyekuwa amejibanza ukutani, alikohoa. "Bosi, usiwe na wasiwasi. Ukurasa wa saba ni mzuri. Wa hamsini ndio utakutesa."

"Usimharibie," alisema Evodia, na alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza siku ile.

Sostenes aligonga kopo lake. Mnada ni mnada, na jua lilikuwa linapanda. "Tajiri, tuelewane. Unachukua vingapi?"

Leonidas aliyatazama maboksi kwa muda. Ilionekana mkono wake bado unayataka.

"Kimoja," alisema. "Fredrick, kunja hilo turubai."

Foleni ilijipanga nyuma yake, ndefu kuliko ya mwanzo, maana sasa kila mtu alitaka kujua kwa nini Klara alinunua kalamu. Yule mwanamke aliyesema Leonidas anaona haya alikuwa wa tatu, na alimnong'oneza mwenzake kwamba hawa watarudiana tu.

"Kwanza ajue herufi," alisema Mama Amne bila kugeuka. "Hayo mengine hayamo kwenye mtaala wetu."

Evodia alisikia, akaacha lipite. Alikuwa ameketi mezani, anaandika jina la kila mnunuzi ndani ya kitabu chake, na kila alipoinua macho aliona mtu mmoja ameshika kitabu kimoja. Aliyoyaomba kando ya kitanda yalikuwa yanatembea mbele yake kwa miguu. Zamu ya Leonidas ilipofika, aliandika *Leonidas* kwa herufi kubwa zilizoachana vizuri, kama anavyowaandikia wanafunzi wa wiki ya kwanza, na akamwonyesha ilipo ile L.

"Darasa ni kesho saa kumi, Baba Maria," alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Taratibu," alisema Sostenes. "Hapa ahadi haisemwi mezani. Ahadi ya mnadani inasemwa kwa sauti, jina kwanza, watu wakisikia. Mchungaji, njoo ushuhudie. Mama Amne, nawe."

"Mimi niko hapa tangu asubuhi," alisema Mama Amne.

Watu walisogea. Hata upepo, kwa bahati, ulitulia kidogo kwenye kona ile. Leonidas alivua miwani, akaivaa tena, akakishika kitabu chenye mbuzi mwekundu kifuani.

"Mimi, Leonidas Alute, mtoto wa mchunga ng'ombe, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mchungaji, na mbele ya Mama Amne ambaye tayari namwogopa. Kesho saa kumi nitakuwa darasani. Mnada wa mavuno wa mwakani nitasimama mahali hapa, nisome ukurasa wa kwanza wa kitabu hiki mimi mwenyewe, bila kidole cha mtu. Na mpaka nitakapofika ukurasa wake wa mwisho, sitanunua kingine."